Gari Lililokaa Matanga

Tka. Halafu kimya. Halafu tena, tka, kama mtu anayegonga ulimi kwenye kaakaa akikataa kitu alichoombwa. Nimesikia sauti nyingi za magari tangu wakati ule, maana ndizo zinazonilisha, na nikikaa kwenye kibanda changu cha ufundi pembeni ya barabara ya Mbarara naweza kukuambia lori linalopanda kilima linaumwa nini kabla halijanifikia. Lakini ile tka ya gari la Papa Elize, kule Misiera, kijiji chetu ndani ya kambi ya wakimbizi, asubuhi ya kufunga kilio chake, mbele ya watu waliovaa nguo za kanisani, bado ninaisikia peke yake, bila sauti nyingine nyuma yake. Juma lililopita Elize, mwanawe, alinipigia simu kutoka huko mbali walikohamishiwa, akaniambia mama yake amefariki. Alilia kidogo, nami nikalia kidogo, kisha akasema, "Dada Sifa, ile habari ya gari, Mama alikuwa anaicheka mpaka machozi, kila mara anafika katikati anashindwa kuimaliza. Ilikuwaje?" Wakati ule Elize alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, hawezi kukumbuka. Basi ninamsimulia, na wengine mkisikia si vibaya.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, na kichwani nilikuwa na mji mzima. Shule nilikuwa nimeiacha mwisho wa msingi, na wasichana wa rika langu tulikuwa tumepangiwa kushona. Tulikaa kwenye chumba cha mabati pale Base Camp, katikati ya kambi, joto likishuka kutoka juu kana kwamba mtu ametufunika na sufuria, tukishona mfuko uleule wa shati, tukiufumua, tukiushona tena. Mimi nilishona huku masikio yangu yako nje. Gari likipita nilijua ni lipi, na mwalimu wetu, mama mpole wa kutoka Uvira, alikuwa akiniambia bila hasira, "Sifa, sindano haiko inje." Ndoto zangu sikumwambia mtu kwa sababu zilibadilika kila mara. Leo nitaendesha basi kubwa mpaka Kampala, kesho nitakuwa na duka la vipuri lenye jina langu kwa rangi nyekundu. Kitu kimoja tu hakikubadilika: lazima kuwe na injini ndani yake.

Papa Elize alikuwa jirani yetu, na shemasi wa kanisa letu. Alikuwa na gari dogo jeupe la zamani, na kwa gari hilo alibeba wanawake na mboga zao na wagonjwa kati ya Misiera na Mbarara. Siku ambazo hatukushona nilikwenda naye, kuita abiria na kufunga mizigo, na njiani alinifundisha alichoweza: kupima oili, kufungua plagi, ambazo sisi kwa Kiswahili chetu cha Kongo tunaziita bujii, na kuishikisha plagi kwenye chuma ili uone kama inatoa cheche. Kiti cha mbele kilikuwa cha wazee na wagonjwa. Mimi nilikaa nyuma, magoti juu ya mafurushi ya mboga za dodo, kwa hiyo dereva yule ninamjua zaidi kwa kisogo chake. Kila asubuhi, akishafunga mlango, aliinama. Kichwa kilishuka mpaka paji la uso likakaribia usukani, kikakaa hapo kidogo, kikainuka, ndipo akageuza ufunguo. Tukifika alizima, akainama tena. Abiria walinyamaza wakati huo, na akina mama wengine walifumba macho pamoja naye. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliendesha gari lile, wala aliyewahi kuomba aliendeshe.

Alifariki mwanzoni mwa mvua, kwa homa iliyomlaza muda mfupi tu. Kwenye maziko mchungaji wetu hakuhangaika kutafuta la kuhubiri. Alisema, "Ndugu yetu hakuwasha gari hata siku moja bila kuinama mbele ya Mungu. Na wewe, unaamuka asubuhi, unawasha maisha yako, unainama mbele ya nani?" Watu walilia, na mahubiri yale yalishika. Siku zilizofuata niliona kwa macho yangu mtu akiinamisha kichwa kabla ya kupanda baiskeli, na mama mmoja akiinama mbele ya kinu kabla ya kutwanga.

Sasa, kwa watu wetu, kitu alichokikalia marehemu hakikaliwi na mwingine mpaka matanga yaishe. Gari likabaki palepale chini ya ukuta wa jikoni, majuma kadhaa. Kulikalia ilikuwa mwiko, lakini kulisikiliza ilikuwa ruhusa. Misiera hapakuwa na umeme, na ndani ya redio ya gari mlikuwa na kanda ya kwaya yetu, Papa Elize mwenyewe akiimba besi. Kila jioni mtu alifungua mlango, akanyoosha mkono, akawasha redio, na watu wakakaa kwenye mikeka wakimsikia marehemu akiimba. Siku za kwanza ilikuwa tamu. Kisha kanda ikaanza kuburuta. Sauti za wasichana zikashuka zikawa za wanaume, na ya Papa Elize ikazama chini kuliko alivyowahi kuimba akiwa hai. Mzee mmoja alisema, "Hata kanda inalia." Mama Elize, aliyekuwa jikoni, aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka kusikiliza. Leo mteja akiniambia redio yake inavuta maneno, namjibu kabla hajamaliza kwamba betri inakufa. Jioni ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kufikiria betri, nami nilikuwa nikilia kama wengine. Na tena kila Jumamosi wanawake wa kanisa waliliosha gari, kwa heshima, kwa sabuni na ndoo, wakafungua hata kifuniko cha mbele na kuisugua injini kama mtu anayesugua sufuria ya arusi.

Ndivyo tulivyofika siku ya kutosha matanga, yaani siku ya kufunga kilio na kugawana kilichobaki. Watu walikuwa wameshakula wali na maharage, nguo za marehemu zilikuwa zimeshapata wenyewe, na ikafika zamu ya gari. Byamungu, mdogo wa marehemu, aliyewahi kuendesha malori huko Kivu, alivua kofia, akaingia, akainama kama kaka yake, na watu wote uani wakainama naye. Akageuza ufunguo. Tka. Akainama tena, akageuza tena. Tka.

"Imekufa," mtu akasema nyuma.

"Imemufuata mwenyewe," mwingine akajibu.

Byamungu alitoka polepole. Hakuwa mtu mbaya, naomba Elize alijue hilo. Alikuwa na watoto wake, na sasa alikuwa ameongezewa wa kaka yake. "Shemeji," alimwambia Mama Elize, "gari yenye haitembee iko nini? Iko nyumba ya panya. Kuko mutu Mbarara ananunuaka magari za kufa, anazifungua, anatosha vipande. Jumatatu anakuja huku na kamyo yake. Tumupatie, batoto bapate kitu."

"Na mimi nitabeba bagonjwa na nini?" Mama Elize akauliza. "Na vipande?"

Mama Elize hakuwa na shamba la maana, wala mtaji. Alikuwa na gari lile, na shemeji anayejua kuendesha. Kama lingeondoka juu ya lori, yeye angebaki akiwategemea watu, na alijua vizuri watu wanavyochoka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na taa ya mbele, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshasema, "Haijakufa. Iko na njaa."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe si unashonaka?" Watu wakacheka kidogo, cheko la watu waliochoka.

"Papa Byamungu, washa taa," nikasema. Aliwasha. Zilikuwa njano, dhaifu kama kaa linalozimika. "Sasa geuza ufunguo, batu baangalie taa." Aligeuza, na taa zikafifia mpaka zikapotea. "Munaona? Stata inaomba chakula, na chakula hakuna. Mulikula moto yote na kanda."

Mzee wa ukoo akasema ikiwaka kabla ya Jumatatu ni ya Mama Elize na watoto, isipowaka inaenda. Byamungu akanipa spana yake mkononi, bila dharau. "Basi, Sifa," akasema. "Uko na mpaka Jumatatu."

Nilikuwa na furaha isiyofaa kwenye matanga. Nilifungua betri, nikaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, nikaisukuma mpaka Base Camp kwa kijana mmoja Msomali aliyekuwa akichaji simu kwa jenereta. Aliiangalia, akaangalia mikono yangu, akasema niirudie kesho. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani kama mkate uliosahaulika, na jioni ile nilivimwagia maji ya moto kutoka birika la Mama Elize, nikavikwaruza mpaka vikang'aa. Kesho yake betri ikarudi nzito na imeshiba. Watu wakakusanyika tena. Byamungu akavua kofia, akainama, wote wakainama, akageuza. Ruu-ruu-ruu-ruu. Stata ilizunguka kwa nguvu mpaka gari likatikisika, na wanawake wawili wakaanza wimbo. Lakini injini haikushika. Byamungu aliinama tena, muda mrefu zaidi, akageuza tena. Ruu-ruu-ruu, halafu hakuna. Wimbo ukakatika wenyewe. "Acha, Papa," nikasema, "tutaimaliza betri." Niliona macho ya Mama Elize yananitafuta katikati ya watu, na nilimwonyesha uso wa mtu anayejua. Nilikuwa sijui, lakini nilikuwa na hakika nitajua, na mpaka leo sioni tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili ukiwa na spana mkononi.

Nilifikiria maji. Nilifungua plagi zote, nikazipanga kuzunguka jiko la makaa la Mama Elize, na sombe, kisamvu chetu, ikichemka katikati yake. Jikoni kwake palikuwa ni chumba kidogo cha udongo, cheusi juu kwa moshi na chekundu chini kwa vumbi, chenye dirisha la kutosha kupitisha mkono, na nje ya dirisha palikuwa na gari. Mama Elize alikoroga, akatazama vyuma vyangu, akakoroga.

"Hizi njo zinapika nini?"

"Zinakauka, Mama. Mulikuwa munaosha mpaka ndani."

"Tuliosha juu ya heshima."

"Heshima inaingiza maji, Mama."

Aligeuza uso ili nisione kama anacheka. Nje ya ukuta wanawake wawili walikuwa wakipita na maji, na tuliwasikia vizuri. "Banasema nyumba ile siku hizi banapika vyuma." "Na sombe?" "Na nini basi? Nyama iko wapi?" Mama Elize akawajibu kupitia dirishani, "Mukitaka, mulete bugali, vyuma viko mingi." Tulikula sombe ile na bugali wa muhogo, plagi zikiwa zimelala miguuni petu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko nilimwona akimega tonge la pili.

Zilipokauka nilifanya nilivyofundishwa. Niliishikisha plagi kwenye chuma cha injini, nikamwomba Mama Elize ageuze ufunguo kwa kuingiza mkono mlangoni. Stata ikazunguka. Nilikodoa macho. Hakuna cheche hata moja. Nikajaribu ya pili, ya tatu, zote gizagiza. Nikainusa: inanuka petroli, imelowa petroli. Basi nikakaa chini kwenye udongo nikajiambia pole pole, kama mtu anayeorodhesha watoto wake: nguvu ipo, petroli inafika, moto wa cheche haufiki. Nilijua gari linakosa nini. Sikujua moto umekwama wapi. Na ilikuwa tayari Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nilipanda juu ya lori la mahindi mpaka Mbarara, plagi moja imefungwa kwenye kitambaa. Chini ya kilima cha Ruharo kulikuwa na gereji ya fundi mmoja wa pale, Tumwine, mtu mnene wa sauti ndogo, ambaye Papa Elize alikuwa akimpelekea gari kubadilisha oili. Alinitambua, akaniita nyabo, kama watu wa kule wanavyomwita mwanamke kwa heshima.

"Nyabo, gari iko wapi?"

"Iko Misiera. Haiwake."

"Sasa wewe umeniletea nini?"

Nikafungua kitambaa. "Nimeleta habari zake."

Alicheka, akapangusa tairi moja nikae. Akaniuliza kimoja kimoja, kwa Kiswahili chake cha kukatika, huku akiendelea na kazi yake chini ya gari la mtu. "Stata nazunguka?" Inazunguka. "Petroli nafika?" Inafika, bujii iko mulowevu. "Moto?" Hapana. "Siku ya mwisho gari ilikuja kwa kuvutwa?" Hapana, ilikuja mzima, akaisimamisha, akaingia kulala, na hakuamka tena kuiendesha. Tumwine akatoka chini ya gari, akakaa, mikono kwenye magoti.

"Gari nafika vizuri, nalala, naamka hapana moto. Hiyo si ugonjwa. Hiyo ni mtu."

"Mutu gani?"

"Mwenye gari. Alikuwa naogopa wezi?"

"Alikuwa mutu ya Mungu," nikasema.

"Watu ya Mungu ndio naibiwa sana." Akafikiri. "Hapa mimi sikuona yeye natoka kwa kiti. Mimi namwaga oili, yeye nakaa ndani, nasema, fundi, nikuwashie. Kila mara yeye. Sasa ambia mimi: kabla ya kuwasha, alikuwa nafanya nini?"

"Alikuwa anaomba."

"Anaomba namna gani?"

Nikamwonyesha. Nikiwa nimekaa juu ya tairi niliinama, kichwa mbele, kama nilivyomwona kutoka nyuma asubuhi zote zile. Tumwine hakunitazama kichwani. Alinitazama mikononi.

"Na mkono?"

"Mukono sikuona. Nilikuwa nyuma."

"Nyabo," akasema kwa upole kabisa, "mimi pia naomba. Lakini mimi sitafuti Mungu chini ya kiti."

Kisha akanieleza. Madereva wengi wa zamani waliweka swichi ya siri, kitufe kidogo kinachokata waya wa moto. Ukifika unakata, ukiondoka unaunga, na mwizi akija atazungusha stata mpaka kuche. Mwili wangu wote ulicheka kabla ya mdomo. Niliwaona Byamungu na ukoo mzima na kwaya na wazee, wamesimama uani wakiinama mbele ya gari lile, wakifanya kila kitu alichofanya marehemu isipokuwa kimoja. Tumwine alicheka pamoja nami, akanipa kipande cha waya na bisibisi kuukuu, akasema kama sipendi kushona nirudi kumwona.

Njiani kurudi, juu ya magunia matupu, furaha yangu ilianza kuwa na uzito. Gari lingewaka, hilo sikuwa na shaka nalo tena. Lakini Mama Elize alikuwa na picha moja tu ya mume wake iliyombakia, ya kila asubuhi, nayo ni ile ya mtu aliyeinama. Mchungaji alimzika nayo. Mimi ningeingia jikoni na bisibisi yangu nimwambie nini, kwamba mume wako alikuwa anabonyeza? Ningeweza kuingia garini peke yangu, nikakitafuta kitufe, gari likawaka, watu wakasema maombi yamejibiwa, na kila mtu akabaki na chake. Niliyapima yote mawili mpaka tukafika. Nikaona kwamba gari ni lake, na atakayelitegemea miaka mingine yote ni yeye, na mtu hawezi kuishi na gari asilojua siri yake.

Nilimkuta akisonga ugali kwa mikono miwili, sufuria ameibana kwa miguu. Nikangoja aupakue. Kisha nikamwambia kila kitu, taratibu, na hata swali la Tumwine kuhusu mkono. Alifunika ugali kwa sahani, akanawa, akajifuta kwenye kitenge.

"Twende tuangalie," akasema.

Alikaa kwenye kiti cha dereva kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mimi nilipiga magoti nje, mlangoni. Akainama, paji la uso likakaribia usukani, na mkono wake ukashuka wenyewe chini ya kiti, upande wa breki ya mkono, kana kwamba kiwiliwili kikiwekwa vile mkono hauna pengine pa kwenda. Nilimwona akipapasa chini ya zulia. Mkono ukasimama hapo.

"Kuko kitu," akasema. "Kidogo sawa punje ya harage."

"Bonyeza, Mama."

Ikasikika sauti ndogo. Nikanyoosha mkono, nikageuza ufunguo, na gari la Papa Elize likashika papo hapo, likakohoa moshi mweupe wa maji ya sabuni, kisha likatulia likanguruma sawasawa, kama lililokuwa limelala tu mchana. Mama Elize alibaki ameinama. Niliona mabega yake yakitetemeka, nikamshika mgongo nikidhani analia. Alipoinua uso alikuwa akicheka, cheko lisilo na sauti, machozi yakimwagika.

"Miaka yote ile," akasema, "mimi niko kwa mulango ya jiko, mwiko mukononi, naangalia bwana yangu, nasema, Mungu, ulinipa mutu ya maombi. Sifa, nilikuwa nanyamazisha batoto. Nilikuwa nawaambia, muache kelele, baba anasema na Mungu."

"Mama, pole."

"Pole ya nini? Kama aliogopa wezi, aliogopa juu yetu. Na mutu akishainama, ameinama. Anaweza kufanya mambo mbili." Akapangusa macho. "Na Muchungaji?"

"Nimwambie?"

Alifikiri huku injini ikinguruma. "Muache na mahubiri yake," akasema. "Batu bamesaidika."

Byamungu alikuja mbio kutoka njia ya chini, kofia mkononi, akasimama, akakaa juu ya jiwe. Mama Elize alimwonyesha kitufe mwenyewe. Yule bwana aliangalia, akajishika kichwa, akasema taratibu kwamba ameinama mbele ya gari lile mpaka shingo ikamuuma. Jumatatu mnunuzi wa magari ya kufa alipofika na lori lake, walituambia baadaye, alikuta alama nne za matairi kwenye udongo na kuku wakilala mahali gari lilipokuwa.

Sisi tulikuwa tumeshaondoka. Tulimpakia bibi mmoja wa Misiera ambaye jicho lake lilikuwa limefunga utando, Mama Elize akakaa naye mbele ili amshike, mimi nyuma mahali pangu, Byamungu kwenye usukani. Njia nzima alikuwa akisikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Nami nilisikiliza, lakini mimi nilikuwa nikistarehe. Nilikuwa nimeiona taa nyekundu ya betri ikizimika mara tu tulipoondoka, na kwa hiyo nilijua kwamba gari sasa linajilisha lenyewe, na betri inajaa njiani. Niliangalia migomba ikipita, na ng'ombe wa pembe ndefu, na kwa mara ya kwanza sikuota basi wala duka. Niliwaza kwamba kesho nitamwambia mwalimu wangu wa kushona asante, na kwaheri.

Tulifika Ruharo, kwenye hospitali ya misheni, Byamungu akalisimamisha gari juu, pale njia inapoteremka, pua ikielekea chini. Nilimwelewa. Gari usiloliamini huliweki tambarare, unaliweka mahali litakapoweza kusukumwa. Bibi alihitaji watu wawili kumshika. Byamungu alifungua mlango, akanigeukia.

"Sifa, hamia mbele, ukae na gari. Lakini usizime. Ikizimika hapa tutalala Ruharo."

"Ndiyo, Papa."

"Hata tukikawia. Usizime."

Wakaondoka, bibi katikati, Mama Elize akimhesabia ngazi. Niliwaangalia mpaka wakaingia mlangoni. Nikahamia kwenye kiti cha dereva. Kilikuwa na joto la Byamungu bado, na usukani ulikuwa ukitetemeka kidogo chini ya viganja vyangu, mtetemo mdogo, sawa, usiokosea. Watu walipita na vikapu na chupa za chai, na hakuna aliyegeuka kutazama msichana ndani ya gari jeupe. Niliisikiliza injini mara moja zaidi, kwa makini, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikaizima, nikachomoa ufunguo, nikaufunga kwenye ncha ya kitenge changu, nikafunga mlango na kwenda kununua ndizi za kuchoma ng'ambo ya barabara.